Kiti Kimoja, Watu Arobaini: Maswali Yenu Kuhusu Sherehe za Gemu za Mbio

Gemu mpya ya mbio za magari ikikaribia kutoka, barua hutujia kwa mpigo. Huyu amealikwa, yule ndiye mwenyeji, na mwingine ni mzazi anayetaka kujua mtoto atarudi saa ngapi. Tumechagua tano, na tumejibu kwa urefu zile zilizostahili.

*Hamjambo. Nimepata nafasi kwenye sherehe ya kuzindua gemu ya mbio kule Nyali, Mombasa. Kila mgeni atapewa mizunguko miwili kwenye usukani, na mwenye muda bora atapata zawadi. Mimi maisha yangu yote ni padi, ile ya kushika mikononi yenye vijiti na vitufe. Nifanyeje nisiaibike?*
Mtu wa padi, Kisauni

Hatujambo, ndugu. Kwanza piga hesabu ya foleni. Mzunguko mmoja ni kama dakika 2, kupokezana kiti ni dakika 1, basi kila mtu anakula dakika 5. Wageni 40 kwa kiti kimoja ni dakika 200, zaidi ya saa tatu. Anayefika amechelewa hukuta usukani umelegea mezani na msimamizi hana tena subira ya kueleza kitu. Lakini usiwe wa kwanza pia. Shika nafasi ya tano au ya sita, uwatazame waliotangulia: wanaanza kupiga breki wapi, na ni kona ipi inayowatupa nje. Hayo ni mafunzo ya bure.

Ukikaa, rekebisha kiti kabla ya kugusa kitu kingine. Ukikanyaga breki hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Ukinyoosha mkono, kifundo kifike juu ya usukani na mgongo usiachane na kiti. Vua champali, huingia chini ya pedali na kukunyima breki pale unapoihitaji. Mguu mtupu au raba yenye soli nyembamba ndiyo bora. Kisha mwombe msimamizi akuwekee gia otomatiki na ABS, inayozuia tairi kukwama unapopiga breki. Watakaocheka waache wacheke, saa haiandiki kwamba ulisaidiwa.

Sasa kosa lenyewe la watu wa padi. Kwenye padi unasukuma kijiti mpaka mwisho na programu inakulainishia. Usukani wa nyuzi 900 unazunguka mara mbili na nusu kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa, na unachokata ndicho gari linachopewa. Mgeni huukata kupita kiasi, tairi za mbele zinapiga kelele, na gari linakwenda moja kwa moja kama feri iliyopita gati. Akisikia kelele anazidi kukata, na hali inaharibika zaidi. Tairi ya mbele ikilia inakwambia imeshashiba. Rudisha usukani kidogo, ungoje ishike tena, ndipo ugeuze.

Breki ipigwe gari likiwa limenyooka, kwa nguvu, halafu iachiliwe polepole unapoingia kona. Pedali ya breki ya Logitech G29, usukani unaotumika sana kwa gemu, ina mpira ndani, inakuwa ngumu nusu ya safari yake. Wengi hudhani imefika mwisho, kumbe bado. Ikanyage kama unavyokanyaga breki ya matatu lililojaa. Mzunguko wa kwanza ni wa kujifunza tu. Wa pili ndio wa muda, na humo tairi zote nne zikivuka mstari wa barabara, gemu nyingi hufuta muda wote. Afadhali upoteze nusu sekunde kwenye kona kuliko kurudi kwa mwenyeji na sifuri.

*Asalaam aleikum. Tuna ukumbi mdogo Bamburi na tunataka kuifungua gemu pamoja na wageni saa sita usiku wa siku inayotoka. Tuna mashine mbili za gemu za PlayStation 5 (PS5), projekta, na intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde. Tuanzie wapi?*
Vijana wa Bamburi

Waaleikum salaam. Anzieni na kushusha gemu, maana hapo ndipo sherehe nyingi hufia. Gemu kubwa za mbio siku hizi hufikia GB 100. Kwa megabiti 20 kwa sekunde, GB 100 ni saa 11 na dakika kidogo, na hapo hakuna mtu mwingine anayetazama video kwenye laini hiyo. Mashine mbili ni saa 22. Hata diski haiwaokoi: PS5 huinakili kwanza kwenye hifadhi yake ya ndani, halafu linakuja sasisho la siku ya kwanza. Na diski moja haiendeshi mashine mbili. Kama duka linaruhusu kushusha mapema, shusheni siku ile ile linapofungua mlango, kwa waya wa mtandao na si kwa Wi-Fi, na acheni mashine katika hali ya kulala ili iendelee usiku.

Pili, saa sita ya wapi? Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za akaunti za PlayStation, ndiyo maana akaunti nyingi hapa kwetu zimeandikishwa Uingereza au Marekani. Kama ukurasa wa gemu unasema itafunguka saa sita usiku kwa saa za London, kwetu ni saa nane usiku wakati wao wako majira ya joto, na saa tisa wakati wa baridi. Kama ni saa za New York, ni saa moja au saa mbili asubuhi. Msije mkawakusanya watu wakaitazama saa ikihesabu hadi adhana ya alfajiri. Kwa mwendo huo huo, kadi ya kununulia lazima iwe ya nchi ya akaunti, na nyongeza za gemu ya diski lazima zitoke kwenye duka la eneo la diski hiyo. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza hata ukiisugua namna gani.

Tatu, ulizeni gemu yenyewe inaruhusu watu wangapi kwenye skrini moja. Gran Turismo 7, iliyotoka Machi 2022, inagawa skrini hadi kwa watu wanne kwenye PS5. Forza Horizon 5 haigawi kabisa. EA Sports WRC ya 2023, ambayo ina Safari Rally ya kwetu Kenya, nayo haigawi, ila kwa rali si hasara: kila mtu anakimbizana na saa peke yake. Chagueni kipande kifupi, mwandike nyakati kwenye ubao mkubwa ukutani, na foleni yenyewe itageuka kuwa burudani. Tukiulizwa, tunapenda ubao kuliko skrini iliyogawanywa. Kwenye robo ya skrini hakuna anayeiona kona vizuri.

Projekta sasa. Inapendeza ukutani, lakini nyingi huchelewesha picha. Gari la kilomita 180 kwa saa linakula mita 50 kila sekunde. Picha ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, ukiona pa kupiga breki umeshapapita kwa mita 5. Mchezaji atalaumu usukani bure. Dereva mpeni televisheni, mtafute kwenye menyu yake mpangilio wa gemu na kuuwasha. Mpangilio huo huzima mapambo ya picha yanayokula muda. Projekta iwe ya watazamaji. Spika za bluetooth nazo huchelewesha sauti, na anayebadilisha gia kwa kusikiliza injini atapotea, kwa hiyo tumieni waya. Kebo ya HDMI ya kawaida, ile ya kutoa picha kwenye mashine hadi kwenye skrini, ikizidi mita 5 huanza kupoteza picha ya 4K, yaani ile kali zaidi: skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili, inarudi, inakuwa nyeusi tena. Shusheni picha hadi 1080p kwenye mipangilio ya PS5 na mara nyingi tatizo litaisha.

Stima: PS5 ikichezwa hula kama wati 200, televisheni ya inchi 55 kati ya 100 na 150. Mashine mbili na skrini zake, feni na spika hazifiki wati 1,000. Ekstensheni ya ampia 13 inabeba kama wati 3,000, kwa hiyo si gemu itakayoiangusha, ni birika la chai. Birika la wati 2,000 na mashine ya chipsi kwenye waya huo huo, fyuzi inakwenda na usiku unakwenda nayo. Jikoni lipewe soketi yake. Na kama ekstensheni ni ya kuviringisha, ifunueni yote, maana waya uliojikunja ukibeba mzigo hupata moto ndani kwa ndani. UPS ndogo, yaani betri ya akiba stima ikikatika, haitaendesha sherehe, lakini itawapa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa adabu.

Kuhusu joto: Sony inataka PS5 ifanye kazi kati ya nyuzi 5 na 35, na ukumbi wa Bamburi mwezi wa Februari, watu 40 ndani, unaukaribia huo mpaka. Acheni nafasi ya sentimita 10 nyuma yake na pande zote, msiiweke juu ya zulia, na yule anayetaka kuifunika kwa leso ili ipendeze, mzuieni.

*Nimeazima usukani wa G29 kwa ajili ya sherehe nyumbani. Ukiwashwa unajizungusha wenyewe, halafu gari linavuta kulia. Na meza ya plastiki inacheza.*
Fundi asiye fundi, Changamwe

Kujizungusha ni kawaida: unatafuta katikati yake. Tatizo ni mikono. Mtu akiushika unapojizungusha, katikati inakosewa, na gari linavuta upande usiku mzima. Uchomoe, uuchomeke tena, mikono mapajani mpaka utulie. Hakikisha swichi iliyo juu yake iko upande wa PS4, hata kama mashine ni PS5, na kwamba ulipoazima ulipewa adapta yake ya umeme, kwa sababu bila hiyo usukani hauna nguvu ya kukurudishia mikononi mvutano wa barabara. G29 ni ya PlayStation na kompyuta. Mwenye Xbox anahitaji G920.

Meza ya plastiki iache. Kingo zake hupinda, vibano vinateleza, na dereva anajikuta anapigana na meza badala ya kona. Tafuta meza ya mbao, au weka ubao wa unene wa sentimita 2 juu ya ile ya plastiki na ufunge vyote pamoja. Pedali kwenye sakafu ya vigae hukimbia. Ziegemeze ukutani au uzitandikie kipande cha mpira.

*Mwanangu wa miaka 12 amealikwa na binamu yake kwenye sherehe kama hizi mjini. Gemu hizi zina mambo mabaya? Na mara ya mwisho alicheza akatapika. Tunakaa Likoni.*
Mama wa wawili

Shikamoo, mama. Gran Turismo 7 na Forza Horizon 5 zote zimepewa daraja la miaka 3 na kuendelea huko Ulaya, kwa hiyo kilichomo si cha kukutia hofu. Cha kuangalia ni maongezi na watu wasiojulikana anapocheza mtandaoni. Mwambie binamu azime maikrofoni.

Kutapika kunatokana na macho kuona mwendo huku sikio la ndani likisema tumekaa tu. Asile pilau akakimbilia kiti. Apate chakula chepesi saa mbili kabla. Akae mbali kidogo na skrini, feni impige usoni, na achague kamera ya nyuma ya gari badala ya ile ya ndani. Akianza kupiga miayo, mate kujaa mdomoni au jasho baridi kumtoka, ainuke pale pale. Kuvumilia hakusaidii, kunaongeza tu. Miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho yote, asiiguse. Chai ya tangawizi inatuliza.

Achukue zamu za mwanzo atoke kabla ya saa tatu usiku, na mtu mzima amvushe. Feri huvuka usiku pia, lakini zikipungua utangoja sana.

*Tuandae vitafunio gani?*
Dada wa jikoni, Mwembe Tayari

Dada, lolote isipokuwa mabuyu. Rangi nyekundu inahama kutoka vidoleni hadi kwenye padi nyeupe, na sukari inajipenyeza chini ya vijiti hadi vinagoma kurudi. Kaimati zenye shira ni hatari zaidi. Viazi karai vichomwe vijiti vya meno, ukwaju uwe kwenye vibakuli vyake. Weka beseni la maji yenye ndimu na taulo kati ya meza ya chakula na kiti cha dereva, ili foleni yenyewe ipite hapo. Usukani wa ngozi upanguswe kwa kitambaa kilicholowa kidogo. Spiriti hukausha ngozi. Juisi na madafu yakae nyuma ya foleni, mbali na ekstensheni.