Kuna aliyeniuliza: “Swichi ya kuzuia tangi kufurika ina cheti cha SIL 2 (ngazi ya uhakika wa usalama), uhakiki wa nini tena?”

Mkuu, cheti ni cha kifaa tu. IEC 61511, kanuni ya kimataifa ya mifumo ya usalama viwandani, inataka uhakiki wa mnyororo mzima: kihisi, kidhibiti cha usalama, mpaka vali inayofunga. Mara nyingi vali ndiyo inayokuangusha kwenye hesabu ya uwezekano wa kushindwa. Ukisogeza majaribio yake kutoka mwaka 1 hadi 2, uwezekano wake wa kushindwa unakaribia mara mbili.

Halafu kagua kwa macho. Ghala la mafuta la Buncefield, Uingereza, Desemba 2005: geji ya kiwango cha mafuta ya tangi namba 912 ilikwama, petroli ikafurika, swichi huru ya kiwango cha juu, iliyopaswa kusimamisha ujazaji, ikanyamaza. Kisa? Wenzo wake wa majaribio haukuwa na kufuli. Kufuli tu! Walioweka swichi hiyo hawakuelewa kwamba kufuli ndiyo inayoushikilia wenzo mahali pake.

Vali yako hujaribiwa kila baada ya muda gani?