Je, yajuzu kumrudisha Mrohingya alikokimbia?

SWALI: Asalaam alaykum, Sheikh. Sisi ni jamaa wa msikiti mmoja hapa Tanga. Ijumaa moja tulipitisha kapu kwa ajili ya Warohingya, Waislamu waliokimbia mateso Myanmar, ukazuka mzozo. Mmoja alisema hao ni Wabengali, warudi kwao Bangladesh. Mwingine akasema nchi za Kiislamu jirani zao zenyewe zinawasukuma warudi baharini, sembuse sisi masikini tulio mbali. Kijana mmoja akataka tuwalaani Mabudha wote katika kunuti, dua ya ndani ya sala. Hadi leo fedha zimekaa kwa mweka hazina. Ni ipi hukumu ya nchi kumrudisha mkimbizi? Tuombe dua gani? Na je, tunaweza kuwapa katika zaka?

JAWABU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillahi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Nianze na hilo neno "Wabengali", kwa kuwa ndilo lililowagombanisha, na ndilo wakuu wa Myanmar wanalolitumia. Kule, kumwita mtu hivyo maana yake ni kumwambia hana kwao. Watu hawa ni wa Arakan, siku hizi huitwa Rakhine, jimbo la Myanmar lililo ng'ambo ya Mto Naf kutoka Bangladesh. Arakan ilikuwa ufalme wenye mji wake, Mrauk U, na wafalme wake wa Kibudha waliwahi kujipa lakabu za Kiislamu kwenye sarafu zao. Mfalme wa Bama, ndiyo Myanmar ya leo, aliuteka mwishoni mwa karne ya 18, na Waingereza wakauchukua katika vita vilivyoanza 1824. Mwaka 1799, Mwingereza hajatawala bado, tabibu Francis Buchanan aliandika kwamba Waislamu waliokaa Arakan tangu zamani wanajiita "Rooinga". Ni kweli pia kwamba enzi za ukoloni vibarua wengi walivuka kutoka Chittagong, iliyo Bangladesh ya leo, kwenda kulima mpunga, wakaoana na wenyeji. Sasa nani atawachambua, huyu wa zamani, huyu wa juzi? Sheria ya uraia ya 1982 ndiyo iliyojitwika kazi hiyo: iliyatambua makabila yaliyokuwapo kabla ya 1823, na katika orodha ya serikali ya makabila 135 Mrohingya hayumo. Tungeulizana hivyo sisi wa Tanga, wenye babu wa Hadhramaut, wa Ngazija na wa Pemba, msikitini mwenu wangebaki wangapi?

Mwenyezi Mungu amesema katika Surat al-Hujurat kwamba ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Kabila basi halina dhambi. Dhambi huingia pale jina linapogeuzwa kuwa ukelele wa vita. Katika msafara mmoja, Muhajiri, yaani aliyehama kutoka Makka, alimpiga teke Mwansari, mwenyeji wa Madina, kila mmoja akaita watu wake: "Enyi Ansari!", "Enyi Muhajirina!" Mtume, rehema na amani zimfikie, akasema: "Uacheni wito huo, kwani unanuka." Angalieni, ndugu zangu, majina yenyewe ni yale ambayo Qur'ani imeyasifu! Yalinuka kwa jinsi yalivyotumiwa.

Arakan wameivuta harufu hiyo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, vile vile walivyopelekwa wazee wetu wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, kupigana Bama, Waingereza waliwapa Waislamu wa Arakan bunduki, na Mabudha wengi wa huko wakawa upande wa Wajapani. Mwaka 1942 majirani walichinjana, Waislamu wakakimbilia kaskazini, Mabudha kusini. Vita viliisha, wenye vita wakaenda zao, uhasama ukabaki kwa wenyeji. Mwaka 1978 operesheni ya jeshi iliwakimbiza Warohingya wapatao 200,000, mwaka 1991 na 1992 wapatao 250,000, na kuanzia Agosti 2017 zaidi ya 700,000.

Sasa hukumu. Msingi wake ni aya ya sita ya Surat at-Tawba: mshirikina akikuomba himaya, mpe himaya, apate kusikia maneno ya Mwenyezi Mungu, "kisha mfikishe mahali pake pa amani". Tafakarini neno hili la mwisho. Mwenyezi Mungu hakusema mrudishe alikotoka. Amesema mahali pa amani, na aya yenyewe imeteremka wakati wa uhasama, juu ya mtu asiye wa dini yetu. Ikiwa huyo ana haki hiyo, vipi mama mwenye kichanga ndani ya jahazi bovu? Kwa hiyo ninavyoona mimi, kumrudisha mtu kwenye kifo, kifungo au mateso ni haramu, awe Mwislamu au asiwe, na anayesukuma chombo kirudi kilindini hali anajua hakina maji ya kunywa ana sehemu katika roho zitakazopotea.

Ama kurejea kwa hiari, kwenye usalama na haki, hilo ni jambo jema na ndilo Warohingya wenyewe wanalolililia. Bangladesh na Myanmar zilitiliana saini Novemba 2017, na Agosti 2019 mabasi yaliletwa kambini kuwachukua watu. Hakupanda hata mmoja. Walitaka kwanza uraia na usalama. Hao si wakaidi. Wanaijua nyumba yao kuliko sisi. Na hadi Desemba 2024 jeshi la Myanmar lilikuwa limepoteza mpaka wote na Bangladesh, umeshikwa na Arakan Army, waasi wa Kirakhine, ambao Warohingya wanawashutumu kwa kuwaua na kuchoma vijiji vyao. Jeshi nalo, lile lile lililowafukuza 2017, mwaka 2024 liliwakamata vijana wao na kuwavisha sare kwa nguvu wakalipiganie. Mahali pa amani pako wapi hapo?

Kuhusu majirani, pimeni kwa haki. Bangladesh, nchi iliyojaa watu na yenye mafuriko, imewahifadhi takriban milioni moja, wengi wao huko Cox's Bazar, kwenye kambi ya Kutupalong na vilima vya kando yake. Ina makosa: imewazuia kufanya kazi, na tangu Desemba 2020 imewapeleka maelfu kisiwani Bhasan Char, ambako mtu hatoki apendavyo. Lakini mimi siwezi kukaa Tanga kwenye feni nikamtukana mwenye nyumba aliyelaza wageni mpaka jikoni. India iliwakabidhi kwa Myanmar wanaume saba mwaka 2018, na sheria yake ya uraia ya 2019 imewafungulia mlango Wahindu, Mabudha, Wakristo na wengine kutoka nchi tatu za jirani, Waislamu ikawaacha, na Myanmar haimo kabisa. Malaysia, Waislamu wenzetu, Aprili 2020 ilifukuza mashua kwa hoja ya korona. Mwezi huo huo Bangladesh iliokoa karibu watu 400 waliokuwa wamezurura baharini yapata miezi miwili, wenzao kadhaa wamekwisha kufa.

Wapo wanaosema serikali hizo zina mkataba wa kutoingiliana, nao hushika maneno ya Surat al-Anfal, aya ya 72: wakiomba msaada katika dini ni juu yenu kuwasaidia, "isipokuwa dhidi ya watu ambao baina yenu na wao kuna mkataba". Aya hiyo inazuia kumpiga vita mwenye mkataba nawe. Haimzuii mtu kumtupia kamba anayezama.

Mfano wetu ni Najashi, mfalme wa Habasha (Ethiopia). Makureshi walimtuma Amr bin al-As, kabla hajasilimu, na zawadi za ngozi, wakimtaka awarudishe Waislamu waliokimbilia kwake. Mfalme yule alikuwa Mkristo, na ana biashara na Makka. Alikataa kuwatoa kabla ya kuwasikia, na Jaafar, msemaji wao, alipomsomea Surat Maryam akalia, akarudisha zawadi. Juni 2020 wavuvi wa Aceh, Indonesia, walifanya kazi ya Najashi: maofisa wakisitasita, wao waliwavuta Warohingya karibu 100 hadi nchi kavu. Huko huko Aceh, Desemba 2023, wanafunzi walivamia makazi ya wakimbizi na kuwatoa kwa nguvu. Msiseme basi "watu wa Aceh wako hivi". Mkoa ni ule ule.

Na dua je? Kunuti ya janga ipo katika madhehebu yetu. Mtume alisoma kunuti mwezi mzima dhidi ya Riil na Dhakwan kwa usaliti wao wa Bir Mauna, walipowaua masahaba, makabila aliyoyataja kwa jina. Ombeni dhidi ya waliodhulumu, na muwaache Mabudha wa Sri Lanka na Japani ambao hawamjui hata jenerali wa jeshi la Myanmar. Uadilifu huo pia uturudie sisi: Amnesty International ilieleza mwaka 2018 kwamba kikundi cha Warohingya wenye silaha, ARSA, kiliwaua Wahindu wa vijijini, wanawake na watoto wakiwemo, Agosti 2017. Dhuluma ya kikundi hicho haihalalishwi na dhuluma waliyofanyiwa.

Imebaki zaka. Kauli mashuhuri ya Mashafii ni kwamba zaka haihamishwi maadamu mjini mna wanaostahiki, na Tanga wapo. Wapo wanazuoni walioruhusu kuhamisha kwa haja iliyozidi. Haja ya Warohingya ni kubwa: mwaka 2023 posho ya chakula kambini ilishuka kutoka dola 12 kwa mtu kwa mwezi hadi 8. Hata hivyo sioni haja ya kuingia katika khitilafu hiyo. Fedha za kapu la Ijumaa ni sadaka, na waliotoa waliambiwa zinakwenda kwa Warohingya, kwa hiyo ni amana. Mweka hazina hana ruhusa ya kuzikalia wala kuzigeuza mabati ya msikiti. Azitume kupitia njia yenye risiti, na risiti ibandikwe ubaoni kabla ya Ijumaa ijayo.

Wallahu aalam.