Muulize Shangazi: Asali yangu imeganda, nimeuziwa sukari?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nililetewa lita moja ya asali ya porini kutoka Tabora. Ilikuja ikiwa nyepesi, lakini baridi ilipoanza imekuwa chengachenga nusu chupa. Pia inanukia moshi. Jirani anasema ni sukari guru, niitupe. Nifanyeje?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimwage hata tone! Asali halisi huganda, na kwa baridi ya Mbeya ningeshangaa kama isingeganda. Ina aina mbili za sukari ya asili, glukosi na fruktosi. Glukosi ndiyo inayojitenga na kufanya hizo chenga. Na wanaokwambia uichovye njiti ya kiberiti au uidondoshe kwenye maji ili uijue, usiwasikilize. Hata ya kuchakachua hufaulu vipimo hivyo.

Mimi ni mtoto wa mrina asali wa Sikonge, kwa hiyo hapa nasema kwa uchungu. Asali ya kule ni ya maua ya miombo, miti ya misitu ya huko, na nyuki hawalishwi chochote. Mvua zikikatika, kuanzia Mei, warinaji huingia porini na kupiga kambi, kisha hupanda kwenye mizinga usiku. Anayetumia mwenge wa moto huyafukiza masega pamoja na nyuki, na harufu hiyo haitoki tena. Ndiyo unayoisikia. Haina madhara, ila inaficha ladha, nami siipendi. Mwenye bomba la moshi la kutulizia nyuki hupuliza kidogo tu, na asali yake ukiiweka ulimini unapata utamu mzito, halafu ukali kidogo unakuparuza kooni. Mwakani mwombe anayekuletea akutafutie ya namna hiyo.

Kuiyeyusha, weka chupa kwenye maji ya moto ambayo mkono wako unayavumilia, uyabadilishe yakipoa. Usiitie jikoni, moto mkali unaua harufu ya maua. Ukipenda, iache hivyohivyo uipake kwenye mkate. Sisi tuliila na mihogo ya kuchemsha, na wazee walipikia wanzuki, pombe ya asali. Kwa kikohozi, kijiko kimoja kabla ya kulala kinatuliza koo.

Kifuniko kikaze, maana asali hunyonya unyevu, na ikipata maji inachacha. Na kama una mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, usimlambishe kabisa, hata bibi yake akisisitiza: asali inaweza kubeba vijidudu vya botulismi, ugonjwa hatari wa sumu inayolegeza misuli, na tumbo lake bado haliwezi kupambana navyo.