Fundi anataka kushusha paa la asbesto kwa siku moja. Nimruhusu?

Swali: Mhandisi, pole na kazi. Nimerithi nyumba ya baba hapa Nakuru, iliyojengwa mwaka 1974. Paa lina mabati mazito ya kijivu ambayo jirani anasema ni ya asbesto. Fundi yuko tayari kuyashusha yote kwa siku moja, na ameomba ayachukue akazibe banda lake la kuku. Nitajuaje kama ni asbesto kweli? Tena tunakinga maji ya mvua kutoka paa hilo. Tuendelee kuyanywa?

Jibu: Mwambie fundi asubiri kwanza, na hayo ya banda la kuku asahau kabisa.

Panda ngazi upande ambao bati limechomoza ukutani, ulitazame bila kulikwaruza. Bati la asbesto ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini yaitwayo asbesto, kwa hiyo ni nene kuliko la chuma, karibu milimita 6. Halina kutu, bali ukungu na madoa meupe ya miaka mingi. Ukilibisha kidogo kwa kidole halilii kama debe, linatoa sauti butu. Mahali palipovunjika zamani huenda ukaona vinyweleo vyeupe vimetokeza, kama kamba iliyofumuka. Kagua pia mifereji, mabomba ya kuteremshia maji na tangi kuukuu, maana navyo vilitengenezwa kwa mchanganyiko huohuo.

Hata hivyo, macho hayatoi hakikisho. Kuna mabati ya saruji yasiyo na asbesto yanayofanana nayo kabisa, na ni maabara yenye darubini pekee inayoweza kuyatofautisha. Kwa nyumba ya 1974, mimi nisingehangaika na gharama hiyo. Lihesabu kuwa asbesto, uendelee na mipango.

Sasa usiingiwe na hofu. Bati zima lililotulia juu ya mbao halikudhuru. Madhara yanaanza likigeuzwa vumbi: kwa grinda, kwa dirili, kwa nyundo, hata kwa mashine ya kuoshea magari ambayo watu huitumia kung'arisha paa. Nyuzi zake ni nyembamba kiasi kwamba huzioni, hukaa hewani kwa saa nyingi, na zikizama mapafuni hazitoki. Saratani inayotokana nazo huchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza, pengine zaidi, ndiyo maana utamsikia fundi akisema ameyashika tangu ujana na hana hata kikohozi. Kama anavuta sigara, hatari ya saratani ya mapafu inaongezeka mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo kama paa halijapasuka na huna pesa mwaka huu, liache. Hakuna haja ya kukopa.

Siku ya kulishusha, itisha mtu mwenye leseni. Hapa Kenya taka za asbesto zimo katika orodha ya taka hatari, na mwenye idhini ya kuzisafirisha hupewa leseni na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Piga simu ofisi yao ya kaunti uulizie waliosajiliwa, na eneo linalokubaliwa kwa maziko.

Kazi safi utaitambua mapema. Mabati yananyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo kabla ya kuguswa, kwa bomba kama lile la dawa za shambani, wala si kwa mpira wenye kasi. Misumari inalegezwa, bati linateremshwa zima, mkono kwa mkono. Hakuna kurusha. Kisha linafungwa kwa nailoni nzito, tabaka mbili, na kubandikwa onyo. Wafanyakazi wavae ovaroli za kutupwa na barakoa za FFP3, yaani zinazochuja vumbi laini kabisa. Ile ya kitambaa au ya hospitalini ni mapambo tu. Ukiona mtu ameshika ufagio mkavu, simamisha kazi.

Jambo moja linasahaulika: kabla vumbi halijamuua mtu, paa lenyewe linaweza kumuua. Mabati haya yakizeeka huvunjika kama biskuti. Niliwahi kuitwa kukagua nyumba ambayo kijana alikanyaga katikati ya bati, akatumbukia hadi sebuleni. Alipona, ila nyonga haikurudi kama zamani. Lazima wakanyage ubao uliolazwa juu ya boriti.

Kuhusu maji, Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha asbesto katika maji ya kunywa, kwa kuwa hakuna ushahidi thabiti kwamba kuimeza kunadhuru. Hatari iliyothibitika ni ya kuivuta kwa pumzi. Chemsheni maji kwa sababu ya kinyesi cha ndege. Tope la kwenye mfereji ndilo la kuangalia: litoeni likiwa bichi, msilianike uani likakauka na kupeperuka.

Lori likiondoka, dai nakala ya hati inayofuatilia mzigo mpaka ulikozikwa, uiweke pamoja na hatimiliki ya ploti.