Usilipake rangi jiko hilo

Dada, umeuliza kama jiko la kuni la jiwe la sabuni mlilolikuta kwenye nyumba mpya huko Vermont lipakwe rangi ili kuficha mikwaruzo. Hapana, usipake! Jiwe lile ni laini, limejaa talki (madini laini ya kutengenezea poda), hata msumari unalichora. Kwa hiyo mkwaruzo hutoka kwa msasa tu: anza na namba 120, malizia na 220, huku ukilowesha maji vumbi lisiruke. Ndivyo wachongaji wa Tabaka, kule Kisii, wanavyolainisha vinyago vyao, na jiwe ni la jamii ileile. Mafuta ya kung'arisha jiwe waachie wenye meza za jikoni za jiwe hilo. Kwenye jiko yatakufukizia moshi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mlango. Kamba ya kuziba kwenye majiko ya zamani huenda ina asbesto (madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu), usiikwangue ikiwa kavu. Mwite mtu wa kuipima kwanza. Ukishaweka mpya, bana kipande cha karatasi mlangoni, kisha kivute: kikitoka kirahisi, hewa inapita. Ufa mwembamba usoni mwa jiwe si taabu, ila viungo vilivyoachana vizibwe kwa saruji ya kustahimili moto.

Bomba la moshi lisafishwe kabla ya kuwasha chochote. Halafu moto mdogomdogo kwa siku tatu nne, maana jiwe lililokaa baridi muda mrefu huwa na unyevu, na ukilishtua kwa moto mkali linaweza kupasuka. (Shemeji atakuwa na haraka, mzuie.)