Machi ikifika Kentucky, usimwachie mtoto mpira peke yake

Kama umehamia Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, na unauona mwezi wa Machi ukikaribia, mwezi wa mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu ya vyuo, neno langu kwako ni hili: usimwachie mtoto mpira wa kikapu autazame peke yake. Kaa naye sebuleni, hata kama wewe ulikulia kwenye Simba na Yanga na huelewi kwa nini watu wazima wanakosa usingizi kwa ajili ya vijana wa chuo.

Hapa mpira wa chuo unafuatiliwa kuliko ule wa kulipwa. Timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Kentucky imetwaa ubingwa wa taifa mara 8, mara ya mwisho 2012, na uwanja wao, Rupp Arena, uko katikati ya mji na unaingiza watu zaidi ya 20,000. Dukani, kazini, msikitini, salamu zikiisha linafuata swali la mechi ya jana. Mtoto wako anayasikia hayo shuleni tangu Novemba. Ukiyajua na wewe, hata yule wa kidato ambaye siku hizi anakujibu kwa "sawa mama" tupu atakuwa na la kukueleza.

Mashindano yenyewe si magumu kuyaelewa. Timu 68, mtoano, ukifungwa unarudi nyumbani. Ratiba hutangazwa Jumapili moja katikati ya Machi, na Alhamisi na Ijumaa zinazofuata mechi zinapigwa kuanzia mchana hadi usiku wa manane. Nchi imegawanywa kanda nne, kila kanda timu zinapewa namba kwa ubora, 1 hadi 16, na namba 1 anaanza na namba 16. Kwa wanaume, huyo namba 16 hakuwahi kushinda hata siku moja mpaka 2018, UMBC ya Maryland ilipoichapa Virginia 74–54. Mwaka 2023 Fairleigh Dickinson, nao namba 16, wakaitoa Purdue 63–58. Basi kila mwaka watu wanakaa wakisubiri nani ataaibika.

Chapisha ile karatasi ya ratiba, mpe kila mtu yake na penseli, ajaze mkeka wake, yaani abashiri mshindi wa kila mechi mpaka bingwa. Hela msiingize. Siku hizi simu zinawabembeleza vijana kubeti kila dakika, na mtoto aliyezoea kushindania zamu ya kuosha vyombo ana nafasi nzuri zaidi ya kuupenda mchezo wenyewe. Kwetu hata bibi yao aliyeko Tanga anajaza, kwa kupiga simu. Yeye anachagua kwa majina ya utani ya timu. Duke aliwakataa papo hapo aliposikia wanajiita Mashetani wa Bluu. Majirani walimpigia makofi, maana Kentucky hawajawasamehe Duke tangu 1992, walipofungwa 104–103 kwa mtupo wa sekunde ya mwisho. Na mkeka wa bibi mara nyingi huchanika baada ya wetu!

Kuna jambo wageni wengi hawalijui. Mji huu una Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, na kwa misimu miwili mchezaji mkubwa wa Kentucky alikuwa Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi. Mwaka 2022 alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo wa taifa zima, akiwa na wastani wa ribaundi (mipira anayodaka mtupo ukikosa kikapu) zaidi ya 15 kwa mechi. Jirani yetu anayetoka Lubumbashi alikuwa hawezi kukaa kitini: "Ule ni mutoto ya kwetu!" Wanangu, ambao walikuwa wanaona haya kuongea Kiswahili mbele ya wenzao, walianza kumwiga. Hotuba zangu zote kuhusu lugha hazikuwahi kufanya hivyo.

Ndiyo maana Machi ile ya 2022 iliuma. Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, namba 15, waliitoa Kentucky 85–79 katika muda wa nyongeza kwenye mechi ya kwanza kabisa. Tshiebwe alifunga pointi 30, akachukua ribaundi 16, na hazikutosha. Siku kama hiyo, tafadhali, usimwambie mtoto "ni mchezo tu". Mwache alie, mpe chai, na asubuhi mruhusu aikague mechi yote upya huku akipaka siagi mkate. Kwa wale ambao Ramadhani imewaangukia Machi miaka hii, mnajua kufungwa kunavyouma zaidi kukitokea saa ya futari, bhajia zikipoa mezani.

Saa nazo zinasogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi, na tofauti yetu na Afrika Mashariki inapungua kutoka saa 8 hadi 7. Mechi ya saa sita mchana hapa inamkuta bibi saa moja jioni, muda mzuri wa kupiga soga. Ya saa nne usiku inamkuta saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo msimwamshe kwa kelele. Siku za shule, wetu wanatazama kipindi cha kwanza, wanalala, matokeo wanayakuta kwenye karatasi juu ya friji.

Tiketi za Kentucky ni ghali. Jaribu timu ya wanawake ya chuo hichohicho, au mashindano ya shule za sekondari za jimbo, ambayo kwa wavulana huchezwa Rupp Arena hukohuko mwezi wa Machi.

Na mkishatoka nje, makoti msiyafungie bado. Baridi hurudi Aprili miti ya dogwood inapochanua, na wenyeji wameizoea. Sukuma wiki unaweza kupanda Machi hiihii, inavumilia. Mchicha ngoja mbio za farasi za Derby, Jumamosi ya kwanza ya Mei, ndipo wenyeji nao wanapotoa nyanya zao nje. Goli la kikapu la kuweka uani lipate kwa watu wanaouza vitu vilivyotumika, ila muulize mwenye nyumba kwanza, mikataba mingine hairuhusu.