Mavyaa Wako Amekukosea Nini?

*Shangazi, nina mtoto wa miaka 6 na tunaishi Kisauni pamoja na mavyaa wangu. Kila asubuhi humfungia mwanangu chakula chenye afya cha shuleni: mkate wa ngano isiyokobolewa, karoti mbichi, yogati ya stroberi na juisi ya pakiti. Mavyaa huamka alfajiri akapika mbaazi za nazi na mahamri, akavitia mkobani bila idhini yangu. Karoti zangu hurudi kama zilivyokwenda. Katika mkutano wa wazazi nilieleza yanayonipata na kupendekeza mahamri yapigwe marufuku, wazazi wakagawanyika, na tangu siku hiyo mume wangu hasemi nami. Nifanye nini? — Mama Mwenye Uchungu*

Mwanangu, pole. Kuandaa kitu kwa mapenzi, kisha kikarudi jioni kimenyauka, ni jambo linaloumiza.

Hata hivyo, nilipoisoma barua yako mara ya pili nilisimama pale uliposema kwamba mavyaa wako huamka alfajiri, kwa sababu umeliandika hilo kama kosa. Mbaazi hurowekwa tangu usiku, zikachemshwa mpaka zikalainika, ndipo zikatiwa tui. Mama huyo, basi, hulala akimuwaza mjukuu wake na huamka akimuwaza, nawe unamshtaki mbele ya wazazi wa shule nzima. Mimi niko upande wake, na sitakuficha.

Hebu tuufungue huo mkoba. Mbaazi zina protini, nyuzinyuzi na madini ya chuma, vitu ambavyo mtoto anayekua anavihitaji kila siku. Sasa geuza pakiti ya yogati yako usome kilichoandikwa nyuma, kwa maana yogati za ladha aghalabu hutiwa sukari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu katika chakula chake cha siku, mkubwa kwa mdogo, na sukari ya juisi ya matunda imo katika hesabu hiyo hiyo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda: umevutiwa na pakiti, ukaidharau sufuria ya nyumbani kwako.

Ni kweli kwamba hamri hukaangwa kwa mafuta na lina sukari yake. Kwa mtoto wa umri huo, moja latosha. Ulikuwa na haki pia ya kuuliza juu ya tui, ambalo katika joto letu la Mombasa huweza kuchacha kabla ya adhuhuri, lakini hilo hukuliuliza. Dawa yake ni hotipoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto, na mbaazi zitiwe zingali zinatokota. Juisi iondoe, mtilie maji na chungwa, kwani vitamini C husaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma yaliyomo katika mbaazi.

Jambo jingine limenisumbua: katika barua nzima hukuandika mwanao mwenyewe anasema nini. Yeye ndiye anayekaa na njaa darasani, na karoti isiyoliwa haimjengi mtu mwili, hata ingekuwa na afya kiasi gani. Ndiyo maana nina shaka kwamba ugomvi huu ni wa chakula. Naona ni wa nani mwenye jiko. Ndoa nyingi za siku hizi zinaingia ufa hapo hapo, mke na mavyaa wakivutana juu ya mtoto, na mume akanyamaza kwa kuwa kila neno atakalosema litamuumiza mmoja wao.

Jumamosi hii mwombe mavyaa wako mwende pamoja soko la Kongowea, yeye achague mbaazi, wewe uchague machungwa na mchicha. Jumapili usiku ziroweke wewe, ili alfajiri hiyo mama apumzike. Na mume wako usimngoje aanze: mwambie ulikosea kumsema mama yake mkutanoni, wala usiongeze neno "lakini".